Kitambaa cha Kupangusia Majani

Moraa mwanangu,

Salamu naziruka. Tumeamkiana asubuhi, tumekula pamoja, na ukirudi kutoka kanisani tutaamkiana tena, kwa hiyo hazijapungua popote. Nimekaa kwenye kibanda cha wadudu wa hariri, mlango uko wazi, na daftari liko juu ya ungo niliopindua. Baba amesinzia kwenye kiti chake pale nje na viatu vya Sabato bado viko miguuni. Wewe uko na vijana wenzako wakikuombea safari ya kesho. Nina muda hadi jua lishuke.

Najua umesoma neno "mwanangu" hapo juu ukacheka. Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na tano, na mtu akituona njiani anadhani tunasoma darasa moja kwa sababu umenipita urefu. Lakini neno hilo sikujipa. Nilipewa na mama kule hospitali, wiki ile ya mwisho, wewe ulipokuwa umetumwa nje ukanunue maziwa. Aliniambia, "Kerubo, huyu sasa ni mwanao. Usimlee kama dada. Dada huchoka." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaitikia ndiyo, kwa sababu mama akisema jambo kwa sauti ile huwa hungoji maelezo.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Kufuli ni mpya, soksi zimehesabiwa, na baba ameshakuonyesha mara tatu namna ya kuandika jina kwenye ndoo ili lisifutike. Gredi ya kumi ya mfumo mpya utaisoma wewe, mimi siijui. Mimi niliishia kidato cha nne na alama zangu unazijua, ulizisoma kabla yangu.

Nina jambo moja tu la kukuambia. Linahusu wale wadudu wa mama waliokufa Sabato ile, ulipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia. Unanijua.

Naandika kwa Kiswahili na nyumbani hatukiongei. Nilijaribu kwanza kwa Kiingereza, ikatoka insha ya mtihani. Tena Kiingereza kina namna ya kuomba msamaha haraka haraka, neno moja, umemaliza, unaendelea na chai. Nikajaribu Ekegusii chetu cha nyumbani. Nikiandika Ekegusii nasikia sauti ya mama, na mbele ya mama siwezi kusema hili. Kiswahili hakimjui mama. Kiswahili ni kama mgeni aliyekaa sebuleni, mtu anaweza kumweleza mambo.

Basi nianze na makosa madogo, niupashe mkono moto.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu niliona sketi yako kwenye kamba, nikajua. Nilitakiwa kukuketisha nikueleze kama mama alivyonieleza mimi. Nikashindwa. Nilinunua pakiti moja ya sodo sokoni Nyaramba, nikaisukuma chini ya mto wako, nikakimbilia kwenye majani chai na sikurudi hadi jioni. Mezani, tukila, ukasema, "Asante baba kwa zawadi." Baba akauliza, "Zawadi gani?" Ukasema, "Ile ya chini ya mto." Baba akanitazama. Mimi nikatazama ugali. Baba akasema, "Karibu," akaomba mboga. Tangu siku hiyo yeye ndiye hununua, kila mwezi, anarudi kutoka Nyaramba ameifunga ndani ya gazeti kama kilo ya nyama. Sikuwahi kukuambia ni mimi niliyeanza. Yeye naye hajawahi kukuambia kwamba siku ile hakujua unasema nini.

Na ile siku ya wazazi. Wewe unaisimulia kama kichekesho, mimi hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Baba alikuwa na homa, nikavaa leso ya mama ili nionekane mkubwa. Mwalimu akanitazama juu ya miwani, akauliza kama mimi ndiye mzazi. Nikasema ndiyo kwa sauti ya panya. Akauliza, "Ulimzaa ukiwa na miaka minne?" Wazazi wote wakacheka. Nilikuwa naangalia msumari mmoja pale sakafuni, nikiiomba sakafu ifunguke niingie. Ndipo ukasimama kutoka nyuma, mkono juu kama unaomba kwenda msalani, ukasema, "Mwalimu, huyo ndiye mzazi. Hata kuchapa anachapa." Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili kilikuwa cha kwetu. Mwalimu akanipa kalamu nikatia saini.

Siku ile ulinitetea mbele ya watu sitini, na mimi miaka miwili kabla yake nilikuwa nimeshindwa kukutetea mbele ya mtu mmoja.

Sasa nimefika. Nilitaka kuzunguka tena lakini njia imekwisha.

Unakumbuka wadudu wa mama walivyoanza. Kikundi cha akina mama kilipewa mayai kwenye karatasi, madogo kuliko wimbi, na miche ya miforsadi, mti wanaokula majani yake, ya kupanda kandokando ya shamba. Wengi walichoka. Kiwavi wa hariri anataka majani kama mtoto anavyotaka titi, usiku na mchana, na ukichelewa anakufa bila hata kulalamika. Mama hakuchoka. Kila akivuna alibakiza vifuko ishirini walivyojisokotea, vile vigumu vyeupe, hakuvichemsha, nondo wakatoka wenyewe wakataga kwenye karatasi mpya. Kwa hiyo wadudu tuliobaki nao alipotuacha walikuwa wajukuu wa wajukuu wa wale aliowashika kwa mkono wake. Sisi tuliendelea kama alivyofanya. Wewe ulikuwa unawaita "wa mama." Ulikuwa unaweka sikio juu ya ungo ukisema wanakula kama manyunyu juu ya majani ya mgomba.

Unakumbuka pia sheria ya baba kuhusu Sabato. Kuwalisha ni ruhusa, kwa sababu hata ng'ombe hufunguliwa akanywe maji. Kuchuma ni kazi. Kwa hiyo majani ya Sabato yalichumwa Ijumaa kabla ya jua kushuka, yakafunikwa kwa gunia. Na mmoja wetu alibaki nyumbani kuwalisha wengine wakienda kanisani.

Ijumaa ile viwavi walikuwa wamefika umri wa mwisho, wanono kama kidole, wamebakiza siku nne au tano waanze kusokota. Walihitaji nafasi. Mchana baba alikuwa ametoa maua yake ya pareto yaliyokuwa yakikauka kwenye nyungo tatu, akayatia kwenye magunia akayafunga. Akaniambia, "Kerubo, nyungo hizi zioshe kwa sabuni, uzianike, jioni tuwahamishie wadudu." Wewe ukaambiwa uchume majani. Kila mtu na kazi yake. Kila mtu hapa anajua pareto ni ya nini: ni dawa ya kuua wadudu. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Mimi nilienda kusukwa.

Nilienda kwa jirani kusukwa nywele za Sabato, nikasema nitarudi upesi, na unajua kichwa kikishaanzwa hakiachwi nusu. Niliporudi mvua ilikuwa imepiga ikaacha, wewe ulikuwa unatoka kwenye miforsadi umelowa hadi kope, gunia kichwani, na jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili juu ya kilima. Baba alikuwa anatuita tufungue Sabato kwa maombi. Nyungo zilikuwa palepale ukutani. Sikuziosha. Nilizigonga kwenye nguzo, nikazipangusa kwa kiganja, nikawahamisha wadudu. Nilisikia harufu, Moraa. Sitasema sikuisikia. Nilijiambia ni kidogo.

Viwavi wachache hawakuenea kwenye zile tatu. Hao niliwatia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia.

Asubuhi wewe na baba mkaenda kanisani, ilikuwa zamu yangu kubaki. Nikaingia humu humu nilimokaa sasa, nikafunua. Kwenye nyungo zote tatu walikuwa wameinua vichwa wakivizungusha kama watu wanaotafuta mlango gizani. Wengine walikuwa chali, wametapika maji ya kijani. Nikafunua katoni. Ndani ya katoni walikuwa wanakula. Majani yaleyale uliyochuma wewe, kutoka gunia lilelile, na walikuwa wanakula, manyunyu juu ya majani ya mgomba.

Hapo ndipo nilijua yote. Sikuhitaji kuelezwa na mtu wa kilimo.

Na hapa ndipo pana lile ambalo sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Niliichukua ile katoni, nikaenda nayo nyuma ya jiko, nikaimwagia kuku. Hawakuwa wengi, thelathini, labda arobaini. Kuku walikuja mbio, wanajua katoni. Nilifanya hivyo kwa sababu wale wazima wangesema. Baba angeona wa katoni wazima na wa nyungo wamekufa, angeuliza tofauti ni nini. Wangetosha kuwa mbegu, Moraa. Thelathini wangetosha. Kwa hiyo wadudu wa mama hawakufa wote kwa pareto. Waliobaki niliwamaliza mimi, nikiwa na akili timamu na nywele mpya.

Kisha nikaosha nyungo. Ijumaa sikuziosha nikiogopa kuvunja Sabato. Sabato yenyewe nikaziosha kwa sabuni, mara mbili.

Mliporudi nilikuwa nimewalaza waliokufa juu ya gunia. Baba akachuchumaa. Hakuuliza habari ya nyungo. Aliuliza, "Majani yalichumwa na nani?" Nikasema, "Na Moraa." Akauliza, "Wakati wa mvua?" Nikasema ndiyo. Huo ndio uhodari wangu, kwamba sikusema uongo hata neno moja. Niliulizwa maswali mawili, nikayajibu kwa ukweli, na ukweli wenyewe ukakuangukia wewe. Ulikuwa umesimama pale mlangoni na gauni jeupe, kadi ya fungu la kukariri bado mkononi. Baba hakukukaripia. Alikuambia tu hata ng'ombe huumwa tumbo akila nyasi mbichi ya mvua, siku nyingine ukung'ute majani. Hukulia. Ningeona afadhali ungelia.

Ulilia jioni, kitandani, umeelekea ukutani. Ukaniuliza, "Dada, mama atanikasirikia?"

Na mimi nikakuambia, "Hapana. Ameshakusamehe."

Hiyo ndiyo inayoniamsha usiku. Kuku ni kuku, na wadudu hufa. Lakini nilichukua mdomo wa mama, ambao hata si wangu, nikautumia kukusamehe kosa langu. Na wewe ukasema asante. Ukalala.

Mama Bosibori alipokuja baada ya miezi minne kutoka Mosocho na karatasi ya mayai ndani ya Biblia yake, wewe ulikaa mlangoni hukutaka kuingia. Alikuwa rafiki wa mama kwenye kikundi, na alikuwa amesikia habari zetu sokoni Daraja Mbili anakouza ndizi. Baba akamuuliza kama hayo mayai ni ya uzao wa mama. Akasema, "Mama Kerubo alinipa mayai, na mwingine alinipa mayai, na wote niliwalaza nyumba moja. Nondo hawaulizani ukoo." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilidhani mambo yameisha. Wadudu wamerudi, nani atakumbuka.

Ndipo ukaingia na kile kitambaa. Kipande cha foronya ya buluu. Ukakaa chini ukachukua jani la kwanza, ukalipangusa mbele, ukaligeuza, ukalipangusa nyuma.

Miaka minne unapangusa kila jani. Ni kweli majani yenye maji si mazuri kwao, mama mwenyewe alikuwa anayakung'uta. Lakini wewe unapangusa hata mwezi wa kiangazi, vumbi likiruka. Unapangusa mbele na nyuma. Nimekuona ukichelewa shule kwa ajili hiyo. Nimekuona ukiamka kabla ya jogoo, ukikaa na gunia la majani na kile kitambaa kama mtu anayepangusa watoto wengi nyuso zao. Watu wakija wanasema, huyu mtoto ni mwangalifu kweli. Mimi nimesimama kando nikiitikia, eeh, ni mwangalifu.

Jumatano wiki hii tulichemsha vifuko vya mwisho kabla ya wewe kuondoka. Nilikuwa na wasiwasi na mavuno haya, nawe ulikuwa nao. Wakati wa mvua ndefu zile hatukujua kama wangesokota. Lakini vifuko vilikuwa vigumu, ukivitikisa sikioni vinagonga vizuri. Wewe ulikuwa kwenye sufuria na kile kifagio kidogo, ukivikoroga polepole, na kila ulipokiinua kulikuwa na ncha ya uzi imenasa. Mimi hukosa ncha mara tatu kabla ya kupata moja. Wewe hukosi. Ukakusanya nyuzi nane, ukampa baba, baba akazungusha ule mtambo wake wa gurudumu la baiskeli, na uzi ukawa unakuja, unakuja, haukatiki, hadi vifuko vikawa vyembamba kama pumzi na mdudu akaonekana ndani. Unajua ninavyosahau kuvuta hewa uzi ukiwa mrefu. Tulipomaliza baba akasema, "Basi," akafuta jasho, sote watatu tukakaa chini palepale kwenye tope la maji ya sufuria tukicheka bila sababu. Mafundo ya uzi yenyewe yako hapa juu ya kichwa changu nikiandika. Yamekauka. Upepo ukipita yanang'aa.

Alhamisi ukanipa kitambaa.

Ulikuwa umekifua, umekikunja. Ukaniambia, "Dada, ni hiki. Kila jani, mbele na nyuma, hata kama hakujanyesha. Usije ukawaua kama mimi." Ukacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejitania kabla hajataniwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nawe, nikakipokea. Nikakitia mfukoni.

Jana asubuhi nilimfuata baba kwenye majani chai. Nilichuma pamoja naye mistari miwili mizima kabla ya kufungua mdomo. Halafu nikamwambia yote, nyungo, nywele, katoni, kuku. Nilikuwa naongea nikiangalia majani, siwezi kumtazama mtu nikisema jambo, unajua. Nikamaliza. Nikageuka. Alikuwa ameshusha kikapu, anaangalia viganja vyake.

Akasema, "Mimi ndiye niliyewaua."

Nikadhani hajanisikia. Nikaanza upya. Akanizuia. Akaniambia kwamba Ijumaa ile, nilipokwisha kuwahamisha, aliingia kibandani na kuwatandaza wadudu kwenye nyungo kwa vidole vyake vilivyofunga magunia ya pareto, bila kunawa, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kuchelewa kufungua Sabato. Aliporudi kesho yake akawakuta wamekufa, alinusa mikono yake. Tangu siku hiyo anajua ni yeye. Ndiyo maana hakuniuliza habari ya nyungo. Aliogopa mazungumzo yakifika kwenye pareto yatafika kwake. Aliuliza habari ya majani, akapata jibu, akalishika.

"Basi tulikuwa wawili," akasema. "Watu wazima wawili."

Nikasema, "Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano."

Akasema, "Moraa alikuwa na kumi na mmoja. Na sote wawili tukajificha nyuma yake."

Tulikaa kwenye ukingo wa shamba. Na Moraa, usikasirike nikikuambia hili, tulicheka. Hakikuwa kicheko cha mzaha. Kilikuwa kile cha mtu aliyepandisha gunia kilima kizima, akalitua, akagundua mabega bado yako. Baba alicheka hadi akavua kofia akajifuta macho. Nilimwambia azungumze nawe kabla hujaondoka. Akatikisa kichwa. "Mimi nikianza kusema nitaanza kuhubiri, na mtoto ataniitikia amina. Andika wewe. Andika na yangu."

Kwa hiyo barua hii ni ya wazazi wawili.

Sina mawaidha mengi. Huko uendako utaharibu kitu, kila mtu huharibu. Siku hiyo utaulizwa swali dogo ambalo jibu lake ni la kweli na halikugusi, na litakuwa kama mlango uliofunguliwa nyuma ya nyumba. Mimi nilitoka kwa mlango huo. Huko nje kuna baridi, hilo tu ndilo naweza kukuambia, na kurudi ndani kulinichukua miaka minne.

Lingine ni hili. Ukilaumiwa, uliza. Wewe hukuuliza hata mara moja. Hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ijumaa zote zilizotangulia ulichuma majani ukiwa umelowa, na wadudu wakala, wakanenepa, wakasokota. Mbona hawakufa Ijumaa hizo? Swali hilo lilikuwa halali yako. Nililingoja miaka yote hii, nikitamani ulitoe na nikiomba usilitoe. Wewe una akili kuliko sisi wote nyumba hii, kwenye hesabu unaona kosa kabla mwalimu hajageuka ubaoni. Lakini ulipoambiwa wewe ni mbaya, uliacha kuhesabu. Usiache tena. Hata anayekuambia akiwa ni mtu anayekupenda. Hasa huyo.

Sikuombi unisamehe leo. Chukua muda, nenda na hasira yako, sanduku lina nafasi. Ukitaka kunipigia simu za shule unigombeze, nipigie, nitasikiliza hadi dakika ziishe. Ukinyamaza muhula mzima pia nitaelewa. Nitakuja siku ya wazazi hata hivyo, na leso ya mama, na mwalimu acheke akitaka.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii sandukuni chini ya blanketi, uikute huko mbali, ng'ambo ya Kisumu, mimi nikiwa huku salama. Kama ile pakiti ya chini ya mto. Nilikuwa tayari nimeinua blanketi mchana huu. Ndipo nikaona ninachofanya, nikalirudisha.

Nitakupa mkononi. Leo, jua likishashuka, tukishafunga Sabato kwa maombi, kabla hujavua gauni. Nitakaa mbele yako ukisoma. Huenda nitakuwa naangalia msumari wowote nitakaouona, lakini nitakaa. Sitaenda kuchuma chai.

Nakurudishia kitambaa, kimo humu ndani ya barua. Kifutie viatu, huko kuna vumbi. Wadudu nitawalisha mimi, majani nitayakung'uta kama mama, na nyungo nitaziosha.

Nakusikia. Mnapanda njia mkiimba na sauti yako ndiyo ya juu, kama kawaida. Baba ameamka, amesimama hapa mlangoni, ameomba kalamu. Amesema ni mstari mmoja tu.

Dada yako, na kwa neno la mama, mzazi wako,
Kerubo

Moraa, mama hakuwa na la kukusamehe. Baba.